Wajane Waliorukwa Mezani

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Somo la juma hili ni fupi, aya saba tu, na kwa kawaida tunalisoma siku ya kuwaweka wakfu mashemasi. Tunakimbilia kwa Stefano na wenzake, tunawawekea mikono watumishi wapya, tunaimba, tunakwenda zetu. Leo naomba tukae kwenye aya ya kwanza, maana humo mna wanawake ambao hatujawapa nafasi wanayostahili katika mahubiri yetu: wajane waliokuwa wakirukwa chakula kilipogawanywa.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa. Sura mbili tu kabla ya hapo Luka ametusimulia kwamba miongoni mwa waumini hapakuwa na mhitaji, kwa sababu wenye viwanja na nyumba waliviuza na kuleta fedha miguuni pa mitume. Mara yanasikika manung'uniko. Chakula kipo, fedha ipo, upendo unahubiriwa kila uchao, na bado kuna kundi la wajane linalolala na njaa. Kinachowatenga na wajane wenzao ni lugha na asili yao. Walioshiba ni Waebrania, wenyeji wa nchi. Waliorukwa ni Wayahudi wa Kiyunani, watu wenye mizizi ya ng'ambo, katika miji kama Kirene na Iskanderia, wanaosema Kiyunani. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaona kwamba watu wa namna hii walikuwa wakirudi Yerusalemu uzeeni ili wazikwe karibu na mji mtakatifu. Mume akitangulia, mke anabaki katika mji asiozaliwa: hana shemeji wa kumtunza, hana shamba, hana jirani aliyekua naye. Anachotegemea ni meza ile ya kila siku.

Luka hatuambii kwamba wajane hawa walichukiwa. Hamtaji mtu mbaya aliyekaa akapanga wafe njaa. Anasema walisahauliwa, basi. Mgawaji aliwapa aliowajua, wenye majina aliyoyazoea masikioni, waliojua kuomba kwa lugha yake. Asubuhi inapita, ya pili inapita, na kundi zima la wanawake linakonda ndani ya kanisa lililojaa Roho Mtakatifu. Naomba mlishike jambo hili, kwa kuwa sisi hupenda kudhani kwamba ubaguzi ni lazima uwe na matusi na ngumi. Wenye matusi tunawajua na tunawakemea. Ule wa kurukwa kwenye orodha haupigi kelele, na ndio unaozaa umaskini wa vizazi.

Hapa kwetu Kwale hatuhitaji kwenda Yerusalemu kuwatafuta wajane hao. Wamakonde wamekuwa majirani zetu tangu miaka ya 1930. Walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wakikimbia kodi na kazi za shokoa za Wareno, wakaja kukata mkonge katika mashamba ya Kwale na Taita, na miwa ya Ramisi. Wengine walikuwa wachongaji, na vinyago vyao vya mpingo viliuzwa kwa watalii mpaka Mombasa na Nairobi. Baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi mwaka 1964, wengine waliwafuata jamaa zao. Walijenga Makongeni na vijiji vinginevyo, wakaoa na kuozwa, wakazika wazee wao katika udongo huu. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sheria iliwapa watu wa asili za nje waliokuwa wakiishi nchini muda wa miaka miwili waombe uraia. Nani alikwenda katikati ya safu za mkonge kumweleza mkataji asiyejua kusoma kwamba kuna fomu ya kujaza? Muda ukapita. Wao na watoto wao, na watoto wa watoto wao, wakawa watu wasio na nchi, wakiwa wamesimama pale pale walipozaliwa.

Maisha ya mtu asiye na kitambulisho, tulio nacho hatuyafikirii. Kadi inakaa mfukoni, tunaitoa mlangoni pa benki, kwa wakala wa M-Pesa, kwenye kizuizi cha polisi, kisha tunairudisha tukiendelea na mazungumzo. Kuna mama mmoja wa Kimakonde niliyekuwa nikimtembelea miaka ile, kabla Wamakonde hawajapewa vitambulisho. Alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga barabarani. Mwanawe alifanya vibarua vya kuvunja mawe upande wa Mombasa, na kila alipopata alimtumia mama yake fedha kidogo. Laini ya simu haisajiliwi bila kitambulisho, kwa hiyo fedha zilipitia simu ya jirani. Jirani alikuwa mtu mwema kiasi chake, lakini kila fedha zilipoingia alikata za kwake. Akisafiri Lunga Lunga kwa siku kadhaa, fedha zinasafiri naye, na mama anakopa unga dukani. Nyuma ya mlango wake alichora mistari kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila alichotumiwa, mwingine mfupi kando yake kwa kile alichokatwa. Alinionyesha mlango huo bila kulalamika, kama mtu anayeonyesha daftari la duka. Baadaye jirani akafariki, simu ikachukuliwa na watoto wake, na fedha zilizokuwa ndani zikaenda nayo. Angekwenda wapi kushtaki? Laini haikuwa yake. Kwa sheria hata yeye mwenyewe hakuwepo.

Nimemtaja mama huyu kwa sababu hakuwa mvivu. Aliamka saa kumi alfajiri. Tunapowaona Wamakonde wengi wakiishi kama maskwota katika ardhi wasiyo na hati yake, wakivunja mawe kwa ujira wa siku, tusiseme upesi kwamba ndivyo walivyo, kwamba hawapendi shule, kwamba hawajui kuweka akiba. Asiye na kadi hafungui akaunti, hapati nambari ya kodi, haajiriwi kwa mkataba, hasajili ardhi kwa jina lake. Tajiri wa kibarua anajua haya yote, naye anamlipa nusu ya anachomlipa mwenye kadi, kwa kuwa hana pa kumpeleka. Na serikali yetu ina mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Bibi wa Kimakonde mwenye mvi kichwa kizima alikuwa haandikwi, maana umri wenyewe hupimwa kwa kitambulisho. Somo letu liko hapo neno kwa neno: mjane, orodha, posho, na kurukwa.

Lililoniumiza zaidi ni la watoto. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe kwa mtihani, na basari inataka nambari ya kitambulisho cha mzazi. Wazazi wengi waliona njia moja tu: kumwandikisha mtoto kwa jina la jirani mwenye kadi. Nikiwa kisimani pa ubatizo nimewahi kuuliza jina la baba, nikaona mama anamtazama mumewe, mume anatazama chini, kisha linatajwa jina la mtu mwingine kabisa, la mwenyeji wa kijiji. Baba halisi amesimama hapo, amemshika mtoto wake, anasikia mtoto wake anapewa baba mwingine mbele ya madhabahu ili aweze kufika darasa la nane. Mungu alijiita Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, alijifungamanisha na majina ya baba na mwana. Sisi tulikuwa na nchi iliyomlazimisha baba kulificha lake.

Mambo haya yana chimbuko, na ni vizuri tulijue. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka 1915, na vita vya kwanza vilipokwisha ikaanza kuitekeleza: kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alibeba kipande, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kijikasha cha bati, kikionyesha amefanya kazi kwa nani na ameruhusiwa kuondoka lini. Mzungu hakubeba. Ardhi nayo iligawanywa kwa rangi na kwa kabila: nyanda za juu zenye rutuba kwa Wazungu, na kila kabila lililotambuliwa likawekewa eneo lake. Ambaye kabila lake halikuwa kwenye orodha ya Mwingereza hakuwa na eneo, na asiye na eneo alikuwa mpangaji wa kudumu.

Wanubi wa Kibera ndio ushahidi mkubwa. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumika katika jeshi la Mwingereza, wakapewa Kibera waishi humo na jamaa zao. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilipimwa ikaonekana ni ekari 4,197. Hawakupewa hati. Walihesabiwa kuwa wenyeji wasio na kabila, na huo msemo wa kikoloni uliwafuata hadi baada ya uhuru. Mji ukawala kidogo kidogo, na mwaka 2017 walipopewa hati ya pamoja ilikuwa ya ekari 288. Kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alipigwa msasa na jopo la wazee na maafisa kabla ya kupewa kitambulisho, aulizwe babu yake alizaliwa wapi, alete karatasi za babu, huku mwenzake wa darasani aliyezaliwa katika kabila linalojulikana akichukua kadi yake baada ya wiki chache. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa, na ikaonyesha jinsi hilo linavyowanyima shule na matibabu. Wasomali wa Kenya nao hawajasahau mwaka 1989, walipochujwa peke yao kati ya makabila yote na kupewa kadi ya ziada ya kubeba. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza huko kaskazini mashariki kwamba msasa wa ziada umefutwa. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi kati ya tarehe hizo mbili, na ni vijana wangapi walizeeka wakingoja.

Kwa hiyo kabila, ambalo lingekuwa nyumba ya lugha na nyimbo na majina ya mababu, liligeuzwa kuwa mlango wa kuingilia uraia. Ukoloni uliuweka mlango huo, nasi tulipopata funguo tukaendelea kuufunga usiku.

Kule baharini wapo Wapemba. Hawa ni ndugu zetu Waislamu kwa wingi wao, na tafakari ya kanisa inawahusu sawasawa, maana Bwana wetu hakuuliza imani ya mtu aliyeangukiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya Yeriko. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakija pwani yetu kwa dago tangu zamani, wakifuata samaki kwa majira ya pepo. Wengine wakapiga kambi wakakaa, na Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalileta wengine. Utawakuta Vanga, Shimoni, Gazi, Mayungu na Ngomeni. Hakuna anayebisha kwamba ni wavuvi hodari, na vijana wa huku wengi wamejifunza bahari kuu kutoka kwao. Lakini leseni ya uvuvi haitolewi bila kitambulisho, wala chombo hakisajiliwi. Mvuvi aliyejua kusoma maji kwa rangi yake alilazimika kuwa baharia wa chombo cha mtu mwingine. Akifika dikoni alfajiri na samaki wake, bei inatajwa na mwenye leseni, naye hana la kusema. Boti ya doria ikionekana, anageuza dau. Julai 2023 walikabidhiwa vitambulisho huko Kilifi na Rais Ruto, maelfu yao wakatambuliwa kuwa Wakenya. Nilifurahi nao kwa moyo wote. Wazee kadhaa waliostahili kushika kadi hiyo walikuwa tayari kaburini.

Washona nao wanatuhusu kwa namna ya pekee, kwa kuwa waliletwa Kenya na Injili. Walitoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, karibu na wakati wa uhuru wetu, wakiwa waumini wa kanisa la Gospel of God, wakakaa Kiambaa, Kinoo na Githurai. Wanaume ni maseremala, wanawake wanasuka vikapu, wanavaa nyeupe siku ya ibada. Walikuja kuhubiri. Sisi makanisa makubwa tulinunua viti vyao na vikapu vyao kwa miaka 60, na sidhani wengi wetu tuliwahi kuuliza kama watoto wao wana vyeti. Sikukuu ya Jamhuri ya 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Washona 1,670 watapewa uraia, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, na mwaka uliofuata vitambulisho vikaanza kutolewa.

Nimekuwa nikisoma habari hizi zote pamoja na sura ya 22 ya kitabu hiki hiki cha Matendo. Paulo amekamatwa Yerusalemu, amefungwa kamba tayari kwa kupigwa mijeledi ili aseme amefanya kosa gani. Ndipo anamwuliza akida aliyesimama karibu kama sheria inaruhusu kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Akida anamkimbilia jemadari. Jemadari anakuja mwenyewe, anauliza, anajibiwa, kisha anasema kwamba yeye uraia huo aliupata kwa fedha nyingi. Paulo anamjibu kwamba yeye alizaliwa nao. Waliokuwa tayari kumpiga wanarudi nyuma papo hapo, na jemadari anaogopa.

Mgongo wa Paulo ulikuwa ule ule dakika moja kabla na dakika moja baadaye. Kilichobadilika ni kwamba dola ilimtambua. Na Luka anatuachia humo ndani swali zito: vipi kuhusu waliofungwa kamba zile zile jana yake, ambao hawakuwa na la kumwuliza akida? Wale walipigwa. Hatujui majina yao. Jemadari naye anatufundisha jambo ambalo sisi Wakenya tunalielewa bila mfafanuzi: palipo na uraia wa kununua, mwenye fedha ataununua, na maskini aliyezaliwa nao ataambiwa arudi wiki ijayo. Nimeona mgeni tajiri akipata kadi kwa muda mfupi kuliko mjukuu wa mkata mkonge aliyezaliwa Msambweni. Hilo ni dhambi, na mtumishi wa umma anayelifanya, akiwa muumini wa kanisa letu, ajue kwamba sakramenti haimfuniki.

Turudi mezani Yerusalemu tuone mitume walifanya nini, maana hapa ndipo ninapotaka tufike. Kwanza, hawakuwaambia Wayunani waache kunung'unika. Ni rahisi sana kwa kiongozi wa kanisa kusema kwamba anayelalamika analeta ukabila, kwamba tuombe, tusameheane, tusonge mbele. Mitume waliyapokea manung'uniko kuwa ni ukweli kuhusu kanisa lao. Pili, hawakuahidi kwamba wao wenyewe watakuwa waangalifu zaidi. Walikiri kwamba wana kazi nyingine na kwamba kazi hii inahitaji watu wake. Tatu, na hili ndilo la kushangaza, tazameni waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Wa mwisho hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa. Alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Waebrania, waliokuwa wengi na wenyeji, hawakusema wapewe nusu ya viti ili haki ionekane. Walitoa ghala na daftari la ugawaji mikononi mwa watu wa upande uliokuwa ukirukwa, wakawaachia hata wajane wa Kiebrania mikononi mwao. Huo ni uaminifu ambao mimi sijauona mara nyingi, si serikalini wala kanisani.

Maana kanisani pia tunarukana. Msaada wa chakula unapokuja wakati wa ukame, ni nani huandika majina? Kamati ya maendeleo ya ushirika ina wazee wa makabila gani? Kwaya ya Kimakonde inaimba vizuri sana siku ya mavuno na wageni wanapiga picha, lakini mweka hazina hajawahi kutoka kwao, wala katibu, wala mjumbe wa kwenda mkutano wa dayosisi. Mtumishi wa nyumbani ameketi viti vya nyuma karibu na mlango, na mwajiri wake yuko mbele, kama vile Yakobo hakuandika sura ya pili ya waraka wake. Tunawapa nguo kuukuu na unga, na tunajisikia vyema. Hatujawapa daftari.

Wamakonde wenyewe hawakungoja tuwape. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua dirisha la miaka mitano kwa watu wasio na uraia waliokuwa wakiishi Kenya tangu kabla ya uhuru, na miaka hiyo ilikwisha karibu bila mtu kupita. Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi, wazee kwa vijana, kina mama na watoto mgongoni, kudai kitu ambacho wengi wetu tunakipata bila kutokwa jasho. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaomba radhi kwamba jambo lao limechelewa mno, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mapema 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Watetezi wa haki za binadamu walitembea nao. Yapo makanisa yaliyotembea nao pia, na yapo yaliyowaombea tu kutoka mbali.

Kadi ilileta mengi. Yule mama wa mihogo ana laini yake sasa, imesajiliwa kwa jina lake. Lakini kadi haikuleta shamba, na haikurudisha miaka 80. Wengi bado wanaishi katika ardhi isiyo yao. Wapo waliokosa uandikishaji ule kwa sababu walikuwa wagonjwa, au walikuwa vibaruani mbali, au walikata tamaa wakaona ni maneno yale yale. Wapo vijana walioandikwa kwa majina ya baba wa kukodi, na sasa wanataka kurudishiwa majina ya baba zao na hawajui pa kuanzia. Wapo watoto waliozaliwa nyumbani, wasio na kadi ya kliniki wala tangazo la kuzaliwa.

Hapa kanisa lina kitu mkononi. Msajili wa vizazi anapoandikisha aliyechelewa, cheti cha ubatizo ni moja ya karatasi anazozitazama. Sisi tuna vitabu vya ubatizo. Katika kabati la ofisi yetu vimo vya miaka mingi nyuma, vingine vimeliwa na mchwa pembeni, vingine vina wino uliopauka, lakini vina majina, vina tarehe, vina wasimamizi. Kwa wasio Wakristo, viongozi wa msikiti wameniambia kwamba wana kumbukumbu za ndoa na za maziko, na wako tayari kuzileta.

Kwa hiyo baraza la ushirika limekubali ofisi iwe wazi Jumanne na Alhamisi asubuhi, mpaka kazi itakapokwisha. Kila asiye na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho aje, wa kabila lolote na imani yoyote. Hakuna malipo. Akikuomba mtu kitu kidogo kwa jina la ofisi hii, niletee taarifa siku hiyo hiyo. Wazee mnaokumbuka mashamba ya mkonge, nani aliishi kambi ipi na alikuwa mtoto wa nani, tunawahitaji sana kama mashahidi. Atakayeshindwa kutembea atumiwe kijana amfuate kwa bodaboda, na nauli italipwa na mfuko wa mashemasi. Wanasheria wawili wa ushirika wetu wamejitolea kuwasaidia wenye majina ya kubadilishwa.

Watakaokaa mezani na kuandika majina ni kina mama wanne, watatu wa Kimakonde na mmoja wa Kipemba. Wao ndio watakaoamua nani ahudumiwe kwanza, na ufunguo wa kabati wamekwisha kupewa. Mimi na wazee wa baraza tutakuwa chumba cha pili, tukitafuta kurasa watakazotutuma tutafute.